Walioitikia Majina

"Usinizungushe, Mzee. Koti nimeshona, kola nimeipiga pasi, leo unaniambia Jumamosi huendi?"

Fundi cherehani alisimama mlangoni pake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na mtaa mzima umetega masikio.

"Siendi," alijibu jirani yake, ambaye wote walimwita Afande. Katika kikosi chake alikuwa amebaki peke yake, na Jumamosi hiyo taifa lilitaka kumvisha nishani uwanjani.

"Kisa cha jana?"

Jana, kwenye mazoezi ya sherehe, ofisa alisoma majina yote thelathini na mawili ya kikosi. Majina ya marehemu yalipaswa kupokewa kwa kimya. Afande akaitikia "Nipo" kwa kila jina. Ofisa akamwonya kwamba akirudia, nishani ataletewa nyumbani kimyakimya, kama mgonjwa.

"Si ungefumba mdomo tu, Mzee wangu."

"Niliufumba, mwanangu. Walioitikia ni wao. Jumamosi nikiwazuia, nitakuwa nimewazika mara ya pili."

Fundi, mwenye maneno kama kasuku, aliivua futi shingoni akaikunja polepole. Jana alikuwepo uwanjani, safu ya pili ya watazamaji. Kwenye jina la tisa alisikia "Ni-ni-nipo," na Afande hajawahi kuwa na kigugumizi hata siku moja.

"Utakwenda," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Waache waitikie. Ofisa akiuliza, nitamwambia hata mimi niliwasikia."

Afande alipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

Fundi akausukuma mlango ukafunguka wote. "Sasa ingia ule. Na hao wenzako waingie, mkeka unatosha."