Vifungo Vinane vya Marthe

Jumapili, ibada ikishamalizika, saluni ya Marthe pale La Rochelle, mtaa wa Joburg, hufungwa mlango wa mbele na kufunguliwa wa nyuma. Meza ya kupakia rangi za kucha huvutwa katikati, kitambaa hutandikwa, na wenyewe huketi. Marthe, mwenye saluni, mzaliwa wa Bukavu. Mama Orpha, fundi cherehani wa duka la jirani. Pitchou, kinyozi aliyejifunza poka kwenye simu kisha akawafundisha wenzake. Na Papa Marcellin, mkubwa wao wote, aliyelinda mageti ya watu tangu alipoingia Joburg kutoka Lubumbashi hadi siku kiharusi kilipomwangusha.

Hawakucheza kwa fedha. Walicheza kwa vifungo vya Mama Orpha, ili mchungaji akose la kusema, na wa kwanza kuishiwa ndiye aliyewapikia wenzake Jumapili iliyofuata. Kila mmoja alipewa karata mbili za siri, tano zikafunuliwa mezani kwa wote, na tano za aina moja, kama kopa, zilizishinda tatu za namba moja. Ila kanuni yao ilikuwa kali: kila dau lina kipimo. Raundi za mwanzo unaweka vifungo viwili, za mwisho vinne, basi. Mwenzio akiweka, wewe utupe karata zako, au umfuate kwa kuweka sawa naye, au umwongezee kipimo kimoja juu yake. Kumwaga lundo zima ili kumtia mtu hofu, hakuna.

"Huu ndio mchezo wa watu wenye adabu," Papa Marcellin alipenda kusema.

Tangu atoke hospitali, adabu hiyo ilikuwa imezidi. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani, na upande huohuo macho yake yalikuwa yameingia giza. Alikula nusu ya sahani akadhani amemaliza. Hakuna aliyetoa shauri, lakini kila mmoja alimlegezea. Pitchou alitupa karata nzuri. Marthe naye, kila mzee alipoweka, alimfuata tu, kumwongezea, asilani. Ikawa tangu augue, Papa Marcellin hajapika hata mara moja.

Jumapili hiyo Marthe alipewa malkia na nane, zote za kopa. Pitchou alizitupa zake mapema, akabaki kugawa. Akafunua tatu za kwanza mezani: saba ya shupaza, kumi ya kopa, nne ya kopa. Papa Marcellin akaweka. Marthe akafuata, akiingoja kopa moja tu itimize tano. Mama Orpha akafuata. Ya nne ikatoka mfalme wa pau. Mzee akaweka tena, wanawake wakafuata tena. Ya tano, ya mwisho, ikatoka mbili ya kopa.

Marthe alitulia kama asiyeona kitu. Kopa tano alikuwa nazo. Angeweza kushindwa na mtu mwenye kopa mbili mkononi, moja yake ikiwa kubwa kuliko malkia wake, na hao huwa wachache.

Papa Marcellin akasukuma vifungo vinne kwa mkono wake mzima. "Naweka."

Hapo ndipo roho ya Marthe ilipoingia mashaka. Mtu mwenye akili, akiona kopa ya tatu imeanguka mezani, hupunguza mwendo. Kwa nini mzee haogopi? Pitchou aliketi akimkabili, na alipozipanga karata, ile ya mwisho iliangukia mkono wa kushoto wa mzee, upande wa giza. Labda hakuiona kabisa. Kumwongezea mtu asiyeona si sawa na kumwibia kipofu?

"Mama Marthe, tunakungoja," alisema Pitchou.

"Ningoje, mwanangu. Chai haijapoa."

Kumtajia mzee ile karata hakuweza. Mama Orpha alikuwa bado yumo mchezoni, na kusema karata mezani ni mwiko. Hesabu nazo hazikumsaidia. Akifuata tu, Mama Orpha huenda akafuata kwa vinne vyake. Akiongeza, Mama Orpha atakimbia, na vinne hivyo vitatoka kwa mzee. Yote mawili yalilala sawa, na yeyote angeweza kufuata bila kuulizwa.

Alishika vifungo vinne avisukume. Kisha akakumbuka alivyofanya mzee dakika iliyopita. Karata ya mwisho ilipotua, Papa Marcellin alikuwa ameigeuza shingo yote kushoto, polepole, kama mtu anayetaka kuvuka barabara pale kwenye robot, taa za barabarani, vile alivyofundishwa hospitali. Aliutazama mstari mzima. Ndipo akaweka.

Basi aliiona. Aliiona, na bado aliweka.

Marthe akavuta vifungo vinne vingine, akavisogeza vyote vinane katikati.

"Naongeza."

Pitchou akaacha kutafuna. Mama Orpha akamkata jicho shoga yake, akazitupa karata zake. Juu ghorofani watoto walikuwa wakikimbizana.

 Papa Marcellin akahesabu vinne vya kumalizia, akaviweka kimoja kimoja. "Nafuata." Akafunua saba mbili, na ile ya mezani, tatu.

Marthe akafunua malkia na nane. Sauti ilimtoka ndogo. "Kopa, Papa."

"Ninaona kwamba ni kopa." Mzee akacheka, na upande mmoja wa mdomo ukabaki nyuma. "Saba zangu tatu zilikuwa na kopa zenu mbele yake, nami nikaweka tu. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Kwa sababu wewe huniongezei. Tangu nitoke hospitali, hata mara moja. Nikasema: huyu nitamwekea bila hofu, atafuata tu, kama ana ndogo nitamla, kama ana kubwa nitatoka kwa vinne. Huruma yenu imenilisha miezi yote hii, bwana!"

 Mama Orpha aliguna. "Kumbe sisi tumekuwa tukimpikia mwizi."

"Voilà," alisema Papa Marcellin, akapangusa macho.

Marthe alivuta vifungo vyake. Alikuwa amejiandaa kujisikia vibaya, lakini kilichomjia kifuani kilikuwa wepesi, kama wa mtu aliyetua ndoo ya maji.

Kabla ya magharibi mzee aliishiwa. Jumapili iliyofuata alishuka kwenye taksi na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyofungwa kwa kitenge; alikuwa ametwanga mwenyewe, kwa mkono mmoja, na alitaka wote walijue hilo. Wakala.

"Chumvi imezidi, Papa," alisema Marthe.

"Eish. Kweli?"

"Kweli kabisa."

Mzee akaonja, akatikisa kichwa kukubali, akaisogeza sufuria kando. "Pitchou, gawa karata."