Dole la Bibi Khole

Utomvu anaopaka Shahad kwenye masinia yake ya mbao haukaushwi na jua. Hukaushwa na unyevu. Kamakura, Japani, alikojifunza kuchonga, hewa yenyewe ilitosha. Hewa ya mji wao, Ibra, ni kavu, kwa hiyo hutundika taulo mbichi ndani ya kabati la nguo la marehemu bibi yake, akalaza sinia humo, akafunga. Ufunguo huuvaa shingoni.

Jumapili asubuhi alikuta alama ya dole gumba katikati ya sinia la nakshi za makomamanga. Akaisugua kwa makaa hadi ikafutika, akapaka tena utomvu mwekundu, akafunga. Jumatatu dole lilikuwa palepale.

Hakumwamini mtu. Kila kahawa ilipoletwa alitazama madole: la Badria mama yake, la jirani, na la mjomba Hamood, aliyekuja kuuliza watahama lini. Mjomba alikuwa na waraka wenye muhuri kwamba Bibi Khole amemwachia nyumba peke yake. Bibi hakujua kuandika, basi chini palipigwa dole la wino, safi, halina hata mkwaruzo. Mjomba alikunywa kahawa dole lake amelikunja ndani ya ngumi.

Jumanne Shahad alilikagua lile la kwenye sinia. Lilikuwa na kovu la kukingama.

"La mama hilo," alisema Badria. "Alijikata kwa mbuzi ya nazi, Unguja, mimi sijazaliwa. Kumbe bado anakuja kabatini kwake."

Jumatano mjomba alirudi.

"Shikamoo, mjomba. Hebu toa waraka tulinganishe."

Mjomba alivaa miwani, akalinganisha bila haraka.

"Wallahi, dole la mama hili la kwenye sinia. Allah yarhamha." Akakunja waraka wake. "Lakini halina muhuri."

Kisha akaomba kahawa, na Badria, kwa adabu isiyomfaa kitu, akammiminia. Mjomba aliweka kikombe juu ya dole.

Alhamisi Shahad na mama yake wakahamia mji wa Sur, vyumba viwili vya kupanga. Badria alilia njia nzima wala hakujificha. Kabati lilibaki na ufunguo wake, mjomba alisema ni la nyumba.

Baada ya wiki mjomba akapiga simu. Kila akifungua kabati, kanzu zake nyeupe zina dole jekundu kifuani. Sabuni gani inatoa?

"Hakuna, mjomba," Shahad alimjibu. "Utomvu ule ukishakauka, khalas."

Siku hizi mjomba Hamood huvaa kanzu za rangi ya damu ya mzee, na watu wa Ibra humwambia zimempendeza.