Chenji ya Usingizi

Usiku wa kuamkia siku ya usaili wangu wa kazi niliota kwamba mimi ni abiria kwenye meli ya watalii, na meli yenyewe inapita katikati ya mashamba ya mkonge, karibu na kwetu Same. Hakuna aliyeshangaa. Mkonge ulikuwa unasogea pembeni kama watu wanaopisha gari la wagonjwa, na nahodha akiupigia honi ndogo ya shukrani.

Mimi nilikuwa nimevaa joho la mahafali na kandambili.

Niseme kwanza kwamba dada yangu Namkunda ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya namna hiyo, meli ya kweli, kwenye bahari za mbali. Ndiye aliyenisomesha chuo. Kila alfajiri, akimaliza zamu, hunitumia ujumbe wa sauti, na kila ujumbe hukatwa na miayo. "Yonazi mdogo wangu, leo nimetandika," halafu miayo mirefu, "hata sijui vitanda vingapi." Nikimwambia apumzike, hucheka. "Nitalala nikifika nyumbani." Siku hiyo nilikuwa nimemuuliza wageni wao hutoa bakshishi kwa utaratibu gani. Alianza kunieleza, akasinzia kabla hajafika popote. Nilisikiliza pumzi zake mpaka ujumbe ukaisha, na usiku ulipoingia na mimi nikalala mapema, kwa sababu ya usaili.

Basi nipo chumbani, melini. Kitanda kimetandikwa vizuri kiasi kwamba naona haya kukikalia. Juu yake ameketi tembo aliyekunjwa kwa taulo jeupe, mkonga juu, amevaa miwani yangu. Kwa kuwa anaonekana mtu mzima, namwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, kijana. Leo ni jioni ya mwisho."

"Ya mwisho ya nini?"

"Ya safari. Jioni ya mwisho ndiyo ya bakshishi. Kesho tunatia nanga. Umeandaa nini?"

Najipapasa. Joho halina mifuko. Namwambia ningetafuta bahasha, ila naogopa isije ikaonekana rushwa, na mimi nina usaili.

"Rushwa hutolewa kabla ya huduma," anasema tembo. "Bakshishi hutolewa baada."

"Na ikitolewa katikati?"

"Hiyo ni chai."

Kipaza sauti kilichoko ukutani kinakohoa, kinaanza kusema kwa sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo. "Abiria mnakumbushwa kwamba bakshishi hutolewa kulingana na huduma. Aliyepewa supu atoe supu. Aliyebebewa abebe. Asanteni, na Mungu awabariki." Mlango wetu uko wazi. Kwenye korido anapita mzungu mzee, amembeba mpagazi mgongoni. Mpagazi anamwelekeza njia kwa upole.

"Mimi nimepewa nini?" namuuliza tembo.

"Umelala kwenye kitanda ulichotandikiwa. Umepewa usingizi. Utatoa usingizi."

"Na nisipotoa?"

Tembo anavua miwani, anaipangusa kwa sikio lake. "Mimi nilikuwa mhudumu wa korido hii," anasema. "Nilikuwa na jina, na mke, na magoti. Wageni wangu waliondoka bila kunipa hata lepe moja la usingizi. Mhudumu asiyelala huanza kuwa taulo. Zinaanza ncha za vidole, kisha unafuata mkono. Siku meli inapotia nanga, wenzake wanashuka, yeye anakunjwa."

"Pole sana."

"Nimeshazoea. Ninachokosa ni magoti tu."

"Na sasa hivi anayetandika huku ni nani?"

"Binti mmoja wa Kipare. Namkunda. Leo asubuhi alikuwa taulo mpaka kwenye kiwiko."

Nilisimama. Nilimchukua tembo, nikamweka begani, akajishika kwenye kola ya joho kwa mkonga, tukatoka.

Korido ni ndefu. Natembea, milango inapita, mara namba za milango zinaanza kuwa majina ya watu niliosoma nao bweni, mara nasikia harufu ya uji wa bweni wenyewe. Kwenye kona kuna kabati. Ndani ya kabati mtu ananiita kwa kunong'ona.

"We! We Yonazi! Pita haraka, au ingia ufunge!"

Ni shangazi Nasemba. Shangazi hajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko lori la tangawizi, lakini hapa amekaa kati ya makoti, na sahani ya keki mapajani.

"Unafanya nini humo, shangazi?"

"Namkwepa mhudumu wangu. Jioni ya mwisho watu wote wenye akili wamejificha. Wengine wako kwenye maboti ya kuokolea. Ukivumilia mpaka meli itie nanga, basi, umepona."

"Shangazi, huo si uungwana."

"Uungwana! Mwenyewe sijamtia machoni hata mara moja. Nikitoka, chumba kichafu. Nikirudi, kisafi. Sasa mtu nisiyemjua sura nitampaje?"

"Si kwa sababu unakaa kabatini?"

Shangazi anatafuna, anawaza.

"Hilo," anasema mwishowe, "ni swali la wasomi." Anafunga kabati kwa ndani.

Tembo ananishauri niulize mapokezi. Huko juu ya kaunta amekaa bwana mmoja mpana, ameshiba, kitambaa cha mezani kifuani. Hana mikono. Kibao mbele yake kinasema ni Bwana Ada ya Huduma.

"Bwana Ada," nasema, "naomba kujua kama mhudumu wangu ameshapata haki yake."

"Usihangaike, mpendwa. Mimi nimeshajumuishwa."

"Umejumuishwa wapi?"

"Kila mahali. Kwenye supu nimo. Kwenye lifti nimo. Kwenye kile kitanda chako nilikuwamo, ubavuni kwako, hukunisikia nikikoroma?"

"Lakini Namkunda unamfikia?"

Anacheka kwa upendo, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Kufika si kazi yangu. Kazi yangu ni kujumuishwa."

"Na mikono yako iko wapi?"

"Ningekuwa na mikono," anasema Bwana Ada, "ningelazimika kukabidhi."

Nilitaka kumwambia maneno niliyojifunza chuoni, kuhusu haki na utu wa mfanyakazi, lakini alikuwa ameshajumuishwa kwenye kaunta, hakikubaki ila kitambaa. Kipaza sauti kikasema meli inakaribia kutia nanga. Nje ya madirisha mkonge ulikuwa umeisha, milima ya Upare ilikuwa inashuka chini taratibu, mmoja mmoja, kama watu wanaoketi ibada ikianza.

Tunaingia lifti. Lifti inafunguka jikoni kwa mama.

Ni jiko letu lenyewe, mafiga matatu, moshi, chungu cha makande. Tofauti ni kwamba mashine za kufulia zimepangwa ukutani mpaka darini, zinazunguka bila sauti. Katikati amesimama dada Namkunda, sare nyeupe, kibandiko cha jina kifuani. Anakunja bata, anakunja nyani, anawapanga kwenye kigoda. Mkono wake wa kushoto umekuwa taulo mpaka begani. Unaning'inia, na pindo lake limeshonwa vizuri sana.

"Habari za jioni, mgeni," anasema bila kuinua macho. "Kuna kilichopungua chumbani?"

"Dada, ni mimi. Yonazi."

"Naomba radhi, mgeni. Haturuhusiwi kuwa na ndugu saa za kazi."

"Saa za kazi zinaisha lini?"

"Nikilala."

"Na utalala lini?"

"Nikifika nyumbani."

"Lakini hapa ni nyumbani! Lile si figa ulilojikwaa, ukalia mpaka baba akalipiga kiboko?"

Anageuka kulitazama figa. Kitu kinapita usoni kwake, kisha kinakunjwa na kuwekwa pembeni. "Jiko zuri, mgeni," anasema. "Karibu tena."

Nampa joho. Analipokea kwa adabu, analikunja kunguru, ananirudishia. Natoa cheti changu cha shahada, ambacho muda wote huu kilikuwa ndani ya kandambili. Anajaribu kukikunja kwa mkono mmoja na meno.

"Karatasi ngumu hii," anasema. "Haikunjiki. Itakufaa mwenyewe."

"Asante, dada," namwambia. "Asante kwa ada, kwa viatu, kwa simu, kwa kila kitu." Maneno yanatoka kinywani yakiwa mapovu ya sabuni. Yanapendeza. Yanamfikia sikioni, yanapasuka. Taulo linapanda, linafika shingoni.

Kipaza sauti, ambacho sasa ni ule mwiko wa mama uliotundikwa ukutani, kinasema: "Abiria mnakumbushwa kwamba maneno matamu huambatana na bakshishi. Hayasimami badala yake."

"Usingizi!" ananinong'oneza tembo. "Kijana, unao?"

Nilifikiri. Kisha nikajibu kwa unyofu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli.

"Ninao. Nimelala sasa hivi."

"Basi utoe. Ila ujue hautabaki na mwingine. Na asubuhi una usaili. Utaingia na macho mekundu, watafikiri umetoka kunywa."

"Wafikiri."

Nikapeleka mkono kisogoni, pale usingizi unaposhikia, nikauvuta. Ukatoka wote. Ulikuwa mkubwa kama shuka, vuguvugu, kama uliokuwa umeanikwa juani mchana kutwa. Kona moja tu ilikuwa imechakaa, kwa wasiwasi wa usaili.

"Usimpungie hewani," anasema tembo. "Bakshishi hutolewa kwa staha. Uukunje uenee kiganjani, umpe mkono kama unaaga."

Najaribu kuukunja. Unateleza, unafumuka, unaanguka karibu na majivu.

"Sivyo, mgeni," anasema dada, na sauti yake imeshaanza kuwa ya kitambaa. "Kona kwa kona. Sasa upinde. Lainisha hewa itoke. Hivyo hivyo." Mkono wake mzima uko juu ya wangu, tunakunja pamoja, kama alivyonifundisha zamani kufunga kamba za viatu, mpaka usingizi wote unakuwa mdogo kama kipande cha sabuni.

Nampa mkono. Anaupokea. Anaupima uzito.

"Mbona mwingi hivi, mdogo wangu?"

Hakusema mgeni.

"Ni wako, dada."

"Huu ni wa usiku mzima! Nipewe mimi peke yangu hivi hivi, na wenzangu je?" Anaukata kona kwa meno, ile kona iliyochakaa, anampa tembo. "Chukua mzee. Nimekuwa nakuona kila siku huko juu ya vitanda, hata salamu sikuwa na nguvu ya kukupa."

Tembo anaupokea kwa mkonga. Anatazama chini.

"Magoti," anasema. "Jamani. Magoti."

Mkono wa dada unarudi, bega, kiwiko, vidole, kovu la kisu cha vitunguu. Anapiga miayo mirefu kuliko yote niliyowahi kusikia, ile iliyokuwa inakatwa siku zote, na safari hii anaimaliza. Kisha anaanza kujipekua mifuko ya aproni.

"Sina chenji," anasema.

"Baki nayo."

"Acha hizo. Mtu hatoi usingizi wake wote akaondoka mikono mitupu. Mama angesemaje?" Anapekua tena, kama muuza duka asiye na sarafu. "Haya, nikupe pipi. Ndizo tunazoweka kwenye mito ya wageni. Utanisamehe, ndiyo iliyopo."

"Si neno, dada."

"Usaili uende salama. Usiwaogope. Na ukae wima, huwa unapinda mgongo."

Analala palepale juu ya bata na nyani, mkono chini ya shavu. Mashine zinapunguza mwendo zenyewe. Mwiko wa mama unasema kwa sauti ya chini sana, "Tumetia nanga. Tushuke polepole, kuna mtu amelala." Shangazi anapita kwa ncha za vidole, keki mkononi, anatazama, anaiacha keki kwenye kigoda.

Na mimi, kwa kuwa sina usingizi tena, sina mahali pa kusimama. Figa moja linatoweka, la pili, la tatu.

Niliamka macho makavu, kichwa kimekesha. Majogoo wa jirani walikuwa wanajaribu sauti. Nilijigeuza huku na huku, hata lepe halikuja. Nikachukua simu kusubiri ujumbe wa dada, maana ndiyo saa yake. Haukuja. Nikaoga, nikapiga pasi shati, nikanywa chai, bado. Tangu aondoke, ilikuwa alfajiri ya kwanza bila miayo yake.

Ujumbe uliingia nikiwa natandika kitanda. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya zamani, ya kabla ya meli.

"Yonazi, utacheka. Nilikaa chini dakika moja tu kwenye chumba cha taulo, nikalala fofofo mpaka wenzangu wakaja kuniita, wameshanimalizia vyumba vyangu. Hata hawakunigombeza. Wamesema nilikuwa natabasamu, wakaona haya kuniamsha. Yaani najisikia mtu, mdogo wangu! Shida ni moja tu, zile pipi za mito tunahesabiwa, na kwenye aproni yangu imepungua moja, sijui nimeiangusha wapi. Haya, usaili uende salama. Usipinde mgongo."

Niliinua mto ili ninyooshe shuka.

Pipi ilikuwa pale, ya mnanaa, kwenye karatasi ya kijani, imebonyea kidogo, kama niliilalia usiku kucha. Nimeitia kwenye mfuko wa shati. Sitaila. Wakiniuliza kwenye usaili mbona macho mekundu, nitakaa wima, niwaambie nililala vizuri, ila nimerudishiwa chenji.