Pumba za Majimoto

Siku zote pumba hapa Majimoto ni za mwenye beleshi. Mashine ya Malale inakoboa mpunga, inatapika pumba nyuma, anayechoma tofali anachota. Hakuna aliyewahi kuomba ruhusa.

Novemba hii Mariana ameomba. Nyumba yake iliangushwa na mvua za mwaka jana. Alikuwa amefyatua tofali elfu sita, zimekauka, tanuri limepangwa, na mawingu yameanza kujaa upande wa Ziwa Rukwa. Akakuta lundo lote limefungwa kwenye viroba.

"Ni za mtaalamu," Malale akasema, bila kumtazama.

Huyo mtaalamu, Sylvanus, viatu vyeupe, akatueleza kama watoto wa chekechea. Pumba zina silika. Wao wataitoa, waigeuze silikoni yenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, waiweke upande hasi wa betri. Betri ikichajiwa, silikoni inavimba. Vile vitundu vinaipa nafasi, haipasuki.

"Na huyu mama akipasuka?" nikamuuliza.

"Mzee, haya ni maendeleo."

"Mwaka 2009 mwenzako alibeba udongo wetu kwenye vichupa, akaahidi kisima. Shati la mistari, namkumbuka. Kisima kiko wapi? Haya, mwache mama achome tofali zake, nyie mchukue majivu."

Akacheka. "Moto wa tanuri ni mkali mno, mzee. Silika inaharibika, inakuwa kama mchanga tu. Kwetu haina kazi."

Neno hilo nikalishika.

"Lori linakuja lini?"

"Kesho saa nne."

Kesho yake jua linachomoza, jirani yangu Kashinje akafunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni. Viroba vyote vikaenda kwa Mariana. Malale alisimama mlangoni anafoka, "Wezi nyie!" Mke wake mwenyewe, Pudensiana, alikuwa anatusaidia kupakia.

Saa nne lori likafuata moshi. Sylvanus akashuka mbio.

"Zima! Mama, zima, nakuomba!"

Mariana akatupia beleshi jingine la pumba.

Akanigeukia mimi. "Basi angalau majivu…"

"Beba," nikamwambia. "Si ulisema mchanga tu?"

Alisimama pale mpaka viatu vikawa vyeusi, halafu akaondoka na lori tupu. Mvua ilikuja siku ya sita. Ilikuta tofali nyekundu, ukizigonga zinalia kama kengele.

Shati la Sylvanus lilikuwa la bluu. Hilo nalo nimelishika.