Filamu Tupu ya Mzee Shitanda

Mikono ya Nasike ilikuwa bado inanuka dawa alipoitoa filamu kwenye kopo na kuinyoosha dirishani. Akaitazama, akaitazama tena. Picha kumi na mbili za Mzee Shitanda na ukoo wake, zilizopigwa jana mbele ya nyumba yao hapa mtaa wa Ziwani, hazikuwa na mtu hata mmoja. Filamu ilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho.

"Imekuwaje?" aliuliza Tobias, mumewe, aliyezipiga.

"Hakuna kitu."

Mambo ya nyumba yangeishia nyumbani, lakini palikuwa na mgeni. Ndung'u, mpiga picha wa mtaa wa Huruma, alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi akisubiri zamu yake, roli mbili za filamu ya harusi mkononi. Wapiga picha wanne wa mitaa hii walimletea Nasike filamu zao kuosha, kwa kuwa hakuwa mtu wa papara, na kwa miaka sita hakuwa ameharibu hata moja. Sasa Tobias, ambaye Mungu alimjalia jicho zuri na mdomo usiojua kungoja, akasema mbele ya huyo huyo Ndung'u, "Leo umechanganya dawa, Mama Simiyu. Umeiua filamu ya watu."

Ndung'u alikohoa kidogo. Akarudisha roli zake mfukoni, polepole, kama mtu anayetafuta leso. "Wacha nipitie next week, Mama Simiyu," alisema kwa adabu. "Hizi hazina haraka." Picha za harusi, eti hazina haraka. Akaaga, akaenda zake.

Nasike alitamani kumrushia mumewe lile kopo. Badala yake akaishika filamu tena, akaisogeza kwenye mwanga.

"Baba Simiyu, njoo usome hapa pembeni."

"Nisome nini na hakuna kitu?"

"Soma."

Pembeni mwa filamu palikuwa na namba ndogo nyeusi, moja hadi kumi na mbili, zimetoka vizuri kabisa. Namba hizo hupigwa kiwandani kwa mwanga, nazo hujificha humo mpaka dawa izitoe. Dawa ikiwa mbovu, au ya pili, ya kugandisha picha, ikitangulia ya kwanza, hazitoki ng'o.

"Dawa yangu imezitoa zote," Nasike alisema. "Kama kungekuwa na watu humu, ingewatoa pia. Mwanga haukuingia kwenye kamera yako."

"Lakini niliwaona. Mpaka tai ya Mzee niliiona imepinda."

"Uliwaona kwa jicho la juu."

Kamera ya Tobias ilikuwa na macho mawili, moja juu ya jingine: la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Waweza kumwona mtu vizuri kwa la juu huku la chini limefunikwa, na kamera isikuambie neno. Nasike akaanza kumhoji kidogo kidogo. Ilifyatuka? Ilifyatuka. Filamu ilizunguka? Ilizunguka. Kifuniko alikitoa lini? Mapema, kabla watu hawajajipanga.

"Halafu?"

"Halafu Mzee akasema tuombe kwanza," Tobias alisema, akaigeukia kamera.

Nasike hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mumewe alilelewa na mama aliyefunika hata redio kwa kitambaa watu wakiomba, na kuiacha kamera iwakodolee watu waliofumba macho kulikuwa kwake utovu wa adabu. Kila palipoombwa alifunika jicho la chini, kisha akavua kofia. Jana, baada ya amina, wajukuu walianza kutawanyika. Akavaa kofia upesi, akainamia kamera, akapiga. Alipomaliza alikuta kifuniko mahali pake, akafikiri amekirudisha mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Nisamehe."

"Mzee anahama kesho asubuhi," Nasike alijibu. Msamaha ungengoja. "Chukua kamera, jua bado lipo."

Kwa Mzee Shitanda magodoro yalikuwa yameshafungwa kamba. Alikuwa ameishi humo miaka thelathini na moja, akifanya kazi reli, na kesho angerudisha ufunguo na kwenda zake kwao Lugari. Tobias, aliyevaa viatu vya kanisani kwa heshima ya Mzee, alieleza yote akiwa amesimama mlangoni. "Mke wangu hana kosa," alimalizia.

Mzee alicheka. "Sisi tulisema amina tukafumbua. Kamera yako ndiyo haikufumbua." Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini Walter amesharudi Mombasa na gari moshi la jana. Huyo mwanangu sitampata tena mbele ya mlango huu."

Wakajipanga waliobaki, na Nasike akaangalia jicho la chini kabla ya kila picha. Moyo ulimwuma kwa ajili ya mzee yule kuliko kwa ajili yake mwenyewe.

Wakirudi nyumbani, Tobias alibeba kila kitu peke yake. "Ndung'u akija wiki ijayo, nitamwambia mbele yako," alisema.

"Haji wiki ijayo, Baba Simiyu. Na wenzake watakuwa wameshasikia."

"Basi kesho."

Nasike aliivua kamera begani mwa mumewe, akaivaa yeye. "Huruma si mbali," alisema. "Nenda sasa hivi."

Tobias alitazama viatu vyake vya kanisani, akatazama barabara yenye vumbi, kisha akaenda.