Sumaku Juu ya Meza ya Kukatia

Dada yangu Aidah, ambaye leo wanafunzi wake wanamwita profesa, alirudi mtaani kwetu Biryogo kutoka Ubelgiji mwezi wa Agosti 1992. Alikuwa amesoma kule miaka sita. Baba hakumwuliza hata habari za safari.

"Sasa niambie. Iko unasoma nini kule?"

Baba yetu, mzee Usumani, alikuwa fundi cherehani. Mimi nilishona kwenye mashine ya pili, karibu na mlango, kwa hiyo nilisikia yote. Aidah alisema anachunguza saketi za umeme zinazopozwa kupita baridi ya mahali popote duniani. Kwenye baridi ile umeme hupita bila kuchoka. Tena, kwa hesabu zao, unaweza kuzunguka kulia na kushoto kwa wakati mmoja, ndani ya kitanzi kilekile.

"Nani ameona?"

"Bado hakuna, Baba. Ndicho tunachotafuta."

Baba akaendelea kukata kitambaa. Jioni nilimsikia akimwambia mama kuwa kuna shule inatafuta mwalimu wa fizikia, na mtoto amekaa mbali vya kutosha. Aidah hakubisha. Kule Ubelgiji walikuwa wakisubiri jibu kama ataanza shahada ya uzamivu, lakini barua yao aliikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Kilichobadilisha mambo ni ng'ombe. Habiyaremye, muganga wa mifugo, alileta suruali yake ipunguzwe kiuno, akaanza kulalamika juu ya mtungi anaohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe, za kupandishia. Ndani mlikuwa na naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, na ilikuwa imemwunguza vidole kwa baridi. Aidah akasimama.

"Muganga, unaweza kunipa lita moja tu?"

Muganga alikuja nayo Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Aidah alifungua madirisha, akaweka bakuli la bati juu ya meza ya kukatia, na ndani yake kidonge cheusi cha udongo wa kuchomwa, kipana kama kifungo cha koti, alichokuja nacho kutoka Ubelgiji; kikipozwa, alisema, umeme hupita ndani yake bila kuchoka. Habiyaremye akamimina. Maji yale yalichemka na kupiga kelele, moshi mweupe ukamwagika mezani hadi miguuni petu, na mama akarudi nyuma akitaja jina la Mungu. Tulisubiri. Kelele zilipotulia, Aidah alichukua sumaku ndogo kama punje ya mahindi kwa kibanio cha plastiki, akaishusha juu ya kidonge, akaiachia.

Haikuanguka. Ilibaki hewani, imetulia, bila kitu chini yake.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alinong'ona Habiyaremye, aliyebeba maji yale miaka tisa kwa ajili ya ng'ombe.

Baba alivaa miwani, akakata uzi mweupe urefu wa mkono, akaushika ncha mbili. Aliupitisha kati ya sumaku na kidonge, polepole, ukatokea upande wa pili. Akaupitisha juu, akitafuta kinachoining'iniza. Akauzungusha pande zote. Uzi haukugusa kitu. Kisha akainama, akapuliza kidogo, na sumaku ikaanza kujizungusha palepale hewani. Niliona machozi chini ya miwani yake.

"Hii wewe umeona mara ngapi?"

"Nyingi, Baba."

"Na bado unashangaa?"

"Kila mara."

Moshi ulipokwisha, sumaku ilishuka yenyewe, ikalala. Baba aliendelea kuitazama.

"Ile nyingine," akasema, "ya umeme unaokwenda huku na huku kwa pamoja. Kwa nini unataka kubaki hapa, na hakuna aliyeiona? Nenda ukaangalie."

Aidah aliondoka Septemba. Novemba ya mwaka uliofuata ilikuja barua, nikaisoma kwa sauti dukani, baba akimpima mteja koti. Aidah aliandika: *Jumatatu niliingiza umeme kwenye kitanzi changu cha kwanza, nikachomoa waya zote. Leo ni Ijumaa. Bado unazunguka, na vipimo vyetu havioni ukipungua.*

"Bila betri?" aliuliza baba.

"Bila kitu chochote."

"Soma tena."

Nilisoma tena. Mteja alikuwa bado amenyoosha mikono, na baba alisahau kumwambia aishushe.