Ukurasa Uliotaja Geti la Bluu

Nyumba ile ilikuwa ya wanawake waliokimbia vipigo, na tovuti yake ilikuwa vurugu tupu. Fundi aliyepewa kazi ya kuipanga, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole kwa watu ila kwenye kompyuta hana masihara, alipoifungua mara ya kwanza alishika kiuno. Menyu ya juu ilikuwa na vipengele ishirini na mbili. Cha kwanza kilikuwa picha za wageni wa heshima wakikata utepe. Namba ya kuomba msaada ilikuwa imefukiwa chini ya "Kuhusu Sisi", kisha "Historia Yetu", kisha "Mengineyo".

"Shangazi," alimwambia msimamizi wa nyumba, nesi mstaafu ambaye kila mtu alimwita hivyo, "mtu akipigwa leo, namba yenu ataipata mwakani."

Shangazi hakucheka. Kwa kidevu alimwonyesha mwanamke aliyeketi kwenye cherehani karibu na dirisha, mkono wa kushoto umefungwa plasta ngumu.

"Muulize huyo. Alitutafuta mtandaoni wiki tatu. Anatupata, mfupa umeshaanza kuunga upande."

"Nilikuwa naandika 'mume ananipiga nifanye nini'," mshonaji alisema bila kuinua macho. "Naletewa mahubiri ya uvumilivu na matangazo ya dawa za mapenzi."

Fundi aliyachukua maneno yale kama yalivyo, akayafanya kichwa cha ukurasa. Menyu akaikata hadi ikabaki na vichwa vitano. Chini ya kila kichwa akapanga kurasa ndogo, kila mmoja na jambo lake, kwa maneno ambayo mtu aliyejifungia chooni na simu mkononi angeyaandika kweli. Kurasa za zamani zilizokuwa zinaelea, hazijaunganishwa na chochote, aliziokota moja moja akazitafutia mahali. Mmojawapo uliitwa "Kuleta Misaada": mistari minne na ramani, ulioandikwa enzi za mwanzo kuwaelekeza wafadhili pa kushushia magodoro. Geti la bluu, nyuma ya karakana ya matairi. Aliusoma mbiombio, akarekebisha herufi mbili tatu, akauweka chini ya "Changia" na kuendelea na mwingine.

Wiki ya tano tovuti ilikuwa inatokea ya kwanza kwenye majibu ya utafutaji. Simu za kuomba msaada zikawa zinapokezana kama watu kwenye foleni ya maji. Mlinzi wa getini, mzee mcheshi aliyempa Fundi cheo cha "Injinia" bila kuulizwa, alimfungulia siku hiyo kwa saluti. "Injinia umetuletea kazi! Mwezi huu nimefungua geti mpaka bega limeota misuli."

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Fundi alikuwa sebuleni anamwonyesha Shangazi maneno yanayoandikwa zaidi na watafutaji. Mshonaji alikuwa anapiga pasi shati la mtoto. Wakasikia geti linagongwa, sauti ya mlinzi ikisema, "Bwana, hapa si penyewe," halafu kishindo kizito, kama gunia lililoangushwa kutoka juu ya lori. Baada ya hapo mlinzi hakusema tena.

Mshonaji aliweka pasi chini. Rangi ilimtoka usoni.

"Ni yeye," alisema. "Naujua mwendo wake."

Shangazi alikuwa ameshasimama. Aliwakusanya wanawake wanne na watoto waliokuwa uani, akawasukumia stoo ya nyuma na kufunga kwa komeo, simu ikiwa sikioni anawapigia polisi. Mshonaji yeye alibaki palepale. Fundi alimvuta mkono mzima, akamvuta tena, lakini mlango wa mbele ulishaanza kupasuka. Mtu yule alikuwa mchomeleaji wa mageti, anajua chuma kinashikiliwa wapi. Mapigo manne tu, bawaba zikaachia.

Aliingia na nyundo mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Nyundo ilikuwa na damu na nywele nyeupe.

"Imeandikwa hapa!" alipiga kelele, akiinua simu juu. "Geti la bluu! Ramani hii hapa! Mnaiba mke wa mtu halafu mnatangaza?"

Fundi aliona kioo cha simu ile. Aliona kichwa alichokisahihisha mwenyewe. Akajua, na muda wa kujua zaidi ya hapo haukuwepo, kwa sababu mtu yule alikuwa ameshamshika mkewe nywele na kumbamiza uso kwenye meza ya cherehani. Mara moja. Mara ya pili. Damu ilirukia shati la mtoto.

Fundi hakuwahi kumpiga mtu maishani. Alinyakua pasi kwa mikono miwili na kumbandika nayo shavuni. Ngozi ililia kama nyama kwenye kikaango. Mchomeleaji alinguruma, akazungusha nyundo bila kuangalia, nayo ikamkuta Fundi kwenye taya. Alisikia mfupa ukivunjika ndani ya sikio lake mwenyewe. Akaanguka, meno yakimcheza mdomoni kama kokoto, akaona kiatu kinakuja na kumwingia mbavuni.

Nyundo ilipanda tena. Ndipo mshonaji akamsukumia mumewe mkasi wa kukatia vitambaa kwenye paja, hadi kwenye vishikio. Mume alipoinama kuuchomoa, mshonaji akampiga kwa ule mkono wa plasta, puani, mdomoni, jichoni, hadi plasta ikapasuka vipandevipande. Aliendelea kupiga kwa mkono mtupu uliovunjika.

Mafundi wa matairi waliingia na vyuma vyao. Wao ndio waliomwona mlinzi amelala getini. Wakamkalia mchomeleaji na kuanza kumshindilia, na wangemmaliza kama Shangazi asingejitupa katikati.

"Acheni! Namtaka kizimbani akiwa hai, asimame, aulizwe!"

Polisi walimbeba anavuja kila mahali. Mlinzi alikaa hospitali siku tatu bila kufumbua macho, ya nne akafariki.

Fundi alifungwa taya kwa waya. Siku ile ile ya shambulio aliufuta ukurasa, akatuma maombi uondolewe kwenye majibu ya utafutaji, kisha akazipitia kurasa zote sitini na moja, mstari kwa mstari, akitafuta jina la mtaa, rangi ya ukuta, picha yenye dirisha. Nyumba nayo ikahamishwa. Kwenye karatasi alimwandikia Shangazi: *Ni mimi niliyemleta.*

Shangazi alisoma. "Ukurasa niliuandika mimi, miaka saba iliyopita. Wewe ukauweka mbele bila kuniuliza. Sote tumekosea, na tutalala na kosa letu. Lakini nyundo aliishika yeye. Hiyo usimpunguzie."

Mwaka uliofuata, mahakama haikumpunguzia. Alifungwa maisha.

Hukumu ilipokwisha kusomwa, mjane wa mlinzi alimfuata Fundi kwenye korido. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu.

"Wewe ndiye Injinia?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Waya zilikuwa zimetolewa miezi mingi iliyopita, ila taya bado lilikuwa linamuuma. "Ndimi, mama. Ule ukurasa niliuweka mimi."

Mjane alimzaba kofi, upande ule ule wa taya. Fundi aliyumba, akashika ukuta, maumivu yakimpanda hadi utosini, lakini hakuinua mkono kujikinga.

"Umeufuta?"

"Nimeufuta."

"Sitaki maneno. Nionyeshe."

Wakaketi kwenye benchi. Mjane hakutaka simu ya Fundi, alitoa yake. Akaandika geti la bluu. Akaandika karakana ya matairi, akaandika nyumba ya wanawake, akaandika jina la mumewe. Ramani haikutokea popote. Watu walipita, korido ikabaki tupu, karani akaja kusema wanafunga. Mjane alimwomba dakika moja, akaandika tena.